Mlevi anapomtafuta mlevi mwenzake: mikutano ya AA ilivyoanza

UE zinanukia, maktaba haina kiti, na mimi badala ya kusoma natafuta pa kutua mzigo niliotembea nao tangu semista ianze. Mtanivumilia, leo ni ndefu kidogo.

Hapa chuo mwulize mtu yeyote, hata saa nane usiku, bia inapatikana wapi. Atakuelekeza hadi kona ya mwisho, na atakutajia nani anakopesha mpaka boom liingie. Sasa mgeuzie swali: mtu anayetaka kuacha pombe aende wapi? Hapo kimya. Wa kwanza atacheka, wa pili atasema "aoe atatulia", wa tatu atasema "ajikaze tu, mbona mimi nikitaka naacha". Mwezi uliopita mshkaji mmoja wa korido yetu aliuliza swali hilo na hakuwa anatania. Ilikuwa asubuhi, mikono inamtetemeka, anatafuta ya kuzimua kabla ya leksha. Kanipa ruhusa niandike hayo tu, nisiongeze.

Mimi si mtu wa tiba, nasoma historia. Kwa hiyo nikafanya ninachokijua: nikaenda kuchimba swali lenyewe lilianzia wapi. Nilichokikuta ni kwamba "nitawapata wapi wenzangu?" ndilo swali lililozaa mikutano ya walevi wanaotaka kuacha. Na sehemu kubwa ya kanuni wanazozifuata mpaka leo ziliwekwa ili mtu wa kesho akiuliza, bado apate jibu.

Tuanzie mbali. Aprili 1840, mjini Baltimore, Marekani, wanywaji sita waliokuwa wakikutana kwenye baa iitwayo Chase's Tavern walikubaliana kuacha pombe kwa pamoja. Wakajiita Washingtonians, kwa jina la rais wa kwanza wa nchi yao. Vyama vya kupinga pombe vilikuwepo tele wakati ule, lakini vingi vilikuwa vya watu wasiokunywa wakiwahubiria wanaokunywa. Hawa sita waligeuza mambo: mlevi mwenyewe anasimama, anasimulia alivyokuwa na alivyo sasa, halafu anakwenda kumleta mwingine. Moto ukashika. Katika miaka michache walijihesabu kwa malaki, na tarehe 22 Februari 1842 Abraham Lincoln, bado mwanasiasa kijana wa Illinois, alikihutubia chama chao cha Springfield.

Halafu kikafa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1840 kilikuwa kimesambaratika karibu kila mahali. Waliingia kwenye mabishano ya kupiga pombe marufuku kwa sheria, wakavutana na makanisa, majukwaa yakajaa watu ambao tatizo lenyewe hawakuwa nalo. Yule mlevi wa kawaida aliyekuja kumtafuta mwenzake akakuta mkutano wa siasa. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Karne ya 20 Marekani ikajaribu dawa ya serikali. Kuanzia 1920 kutengeneza na kuuza pombe kukawa kosa kikatiba, na Desemba 1933 marufuku hiyo ikafutwa. Walevi walikuwepo kabla, walikuwepo katikati na walikuwepo baadaye. Mwenye pesa alilazwa hospitali binafsi akakaushwa, akatoka, akaanza upya. Asiye nazo aliishia mahabusu au kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mmoja wa waliokuwa nazo zikaisha alikuwa Bill Wilson, mzaliwa wa Vermont mwaka 1895, mchambuzi wa hisa huko Wall Street. Novemba 1934 alitembelewa na rafiki yake wa zamani wa kunywa naye, Ebby Thacher. Wilson akamkaribisha glasi, mgeni akakataa. Ebby alikuwa ameacha kwa msaada wa kundi moja la Kikristo lililoitwa Oxford Group. Mwezi uliofuata Wilson akalazwa Towns Hospital, New York, na tangu Desemba hiyo hakuonja tena mpaka kufa kwake.

Miezi iliyofuata alizunguka kuwatafuta walevi awaokoe. Aliwahubiria, akawalaza nyumbani kwake, akawalisha. Hakuna aliyeacha. Aliponung'unika, mkewe Lois akamwonyesha kitu kimoja ambacho yeye hakukiona: wao bado wanakunywa, lakini wewe mwenyewe hujanywa.

Mei 1935 Wilson akaenda Akron, Ohio, mji wa viwanda vya matairi, kwenye vita ya wenye hisa ya kugombea kampuni. Wakashindwa. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki peke yake Mayflower Hotel na dola chache mfukoni. Jumamosi tarehe 11 Mei amesimama kwenye ukumbi wa hoteli. Upande mmoja baa, watu wanacheka, muziki unapigwa. Upande wa pili simu, na pembeni yake orodha ya makanisa ya mji. Kila mtu aliyewahi kunywa anajua miguu ya mtu kama huyo inaelekea wapi.

Akaenda kwenye simu. Akampigia mchungaji mmoja, Walter Tunks, akamweleza kwamba yeye ni mlevi wa New York na anatafuta mlevi wa Akron wa kuongea naye. Hebu jiweke kwenye nafasi ya huyo mchungaji, jamani. Tunks hakukata simu, akampa majina kama kumi. Wilson akapiga moja baada ya jingine, huyu hayupo, yule ana safari, mpaka akaangukia kwa Henrietta Seiberling, mkwe wa mwanzilishi wa kampuni ya matairi ya Goodyear. Mama huyo alikuwa na mtu. Anaitwa Dokta Robert Smith, daktari wa upasuaji, na pombe ilikuwa imemfikisha pabaya.

Kesho yake, Jumapili ya Siku ya Mama, Dokta Bob akaletwa saa kumi na moja jioni akitetemeka. Alishasema mapema kwamba anakaa dakika 15 tu. Waliagana baada ya saa tano usiku.

Nini kilimkalisha? Mahubiri alishayasikia. Alikuwa akihudhuria Oxford Group kwa zaidi ya miaka miwili na bado anakunywa. Elimu ya tiba alikuwa nayo kuliko mgeni wake. Ila Wilson safari hii hakuja kumwokoa mtu. Alikuja kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa karibu kunywa, akasimulia yake bila kuficha. Daktari akamsikia mtu anayeijua pombe kwa kuinywa. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha historia yote hii: anayetafuta na anayetafutwa wote wana shida moja, hakuna anayemfadhili mwenzake.

Msidhani ikawa muujiza wa siku moja. Wiki chache baadaye Dokta Bob alikwenda kwenye mkutano wa madaktari huko Atlantic City, akarudi amelewa chakari. Wakamkausha upya. Asubuhi moja alikuwa na mgonjwa wa kumfanyia upasuaji na mikono haitulii, Wilson akampa bia moja ya kuzimua ili ashike kisu. Hiyo ikawa ya mwisho maishani mwake. AA wanaihesabu siku hiyo, 10 Juni 1935, kuwa siku yao ya kuzaliwa.

Hapa niseme jambo la afya, maana wengine mtaruka moja kwa moja. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla peke yake chumbani anaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Kutetemeka kule si uoga. Huyo aende hospitali kwanza, mkutano utamsubiri.

Sasa wako wawili, wakaenda kumtafuta wa tatu. Dokta Bob akapiga simu hospitali ya mji kuuliza kama kuna mlevi wodini. Alikuwepo: Bill Dotson, mwanasheria, amefungwa kitandani baada ya kuwashambulia manesi. Wakaketi pembeni ya kitanda wakamsimulia habari zao wenyewe. Dotson akatoka hospitali, akarudi kwenye sheria zake, na hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1954. Hilo likawa kundi la kwanza.

Walipoketi kuhesabu mwishoni mwa 1937 walikuta watu kama 40 hivi, Akron na New York, wamekaa bila kunywa kwa muda wa kueleweka. Arobaini kwa miaka miwili na nusu! Na wote walipatikana kwa mkono: simu, wodi, sebule ya mtu. Likaja swali: mlevi wa Texas je? Wakaamua kuandika kitabu. Kilitoka Aprili 1939 kwa bei ya dola 3.50, kikaitwa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, na chama chenyewe kikalichukua jina hilo. Humo ndimo zilimo Hatua Kumi na Mbili: kukubali kwamba pombe imekushinda, kujikagua, kurekebisha uliowakosea, na ya mwisho, kumpelekea mlevi mwingine habari hii. Walibishana sana juu ya neno Mungu, mpaka wakakubaliana aandikwe Mungu kadiri kila mtu anavyomwelewa. Ndiyo maana baadaye Mwislamu, Mkristo na asiye na dini waliweza kukaa kwenye duara moja.

Kitabu hakikuuzika mwanzoni. Kilichofungua mlango ni magazeti. Mwishoni mwa 1939 gazeti la Plain Dealer la Cleveland liliandika mfululizo wa makala, watu wakamiminika, na wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Cleveland ikakuza utaratibu wa kila mgeni kukabidhiwa mwenzake mkongwe wa kumshika mkono. Tarehe 1 Machi 1941 jarida la Saturday Evening Post likatoa makala ya Jack Alexander, na wanachama wakapanda kutoka kama 2,000 hadi kama 8,000 kabla mwaka haujaisha. Barua zilijaa kwenye ofisi ndogo ya New York, kila moja ikiuliza lile lile: mimi niko mji fulani, nani yuko karibu nami? Mabaharia na watu wa mbali wasio na kundi waliunganishwa kwa barua. Kwao, bahasha ndiyo ilikuwa mkutano.

Ukubwa ukaleta hatari ile ile ya Washingtonians, na hapa ndipo wenyewe waliponikosha. Chukua pesa. Mwaka 1938 walimwendea tajiri John D. Rockefeller Jr. wakitarajia dola 50,000. Akatoa 5,000, akihofia kwamba pesa nyingi zitaliharibu jambo lao. Wakaondoka wamenuna, baadaye wakaifanya kuwa kanuni: hatupokei fedha kutoka nje. Ukienda mkutanoni leo hulipi kiingilio. Kikapu kinapita, mwenye chochote anaweka kwa ajili ya pango na chai, asiye nacho anakipitisha.

Chukua masharti. Miaka ya 1940 ofisi yao iliyaomba makundi yote yatume sheria zao za uanachama. Walipozijumlisha wakagundua kwamba zingetumika zote mahali pote, hakuna binadamu ambaye angekubaliwa kujiunga. Likabaki sharti moja tu: uwe unataka kuacha kunywa.

Chukua majina. Kutotaja majina kulianza kama ngao ya aibu, maana daktari akijulikana ni mlevi anakosa wagonjwa. Baadaye kukawa pia breki ya umaarufu. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Yale kilitaka kumpa Wilson shahada ya heshima, akaikataa. Sisi tunakesha na kahawa kuitafuta moja tu, mwenzetu anarudisha ya bure! Magazeti makubwa yalichapa jina lake kamili kama mwasisi alipofariki, Januari 1971.

Hizo ndizo Desturi Kumi na Mbili, zilizopitishwa mkutanoni Cleveland Julai 1950, miezi minne kabla ya Dokta Bob kufariki. Hakuna bosi wa kuamuru, hakuna kuunga mkono chama cha siasa wala kampeni yoyote, hata ile ya kupiga pombe marufuku. Ukisoma bila kuijua Baltimore ya 1840 utadhani ni uoga. Ukiijua unaona ni kulinda mlango.

Na mlango huo haukuwa wazi kwa wote tangu mwanzo, tusipambe. Wanawake wa kwanza walipokelewa kwa mashaka, ikabidi watu kama Marty Mann, aliyeingia mwaka 1939, wapasue njia. Weusi, kwenye Marekani ile ya ubaguzi, walikataliwa kwenye makundi mengi. Mwaka 1945 daktari mweusi wa mjini Washington, Jim Scott, na wenzake wakaanzisha kundi lao. Wake wa walevi waliokuwa wakisubiri jikoni wakati wanaume wanaongea sebuleni nao wakaunda lao mwaka 1951, Al-Anon, likiwa na Lois Wilson miongoni mwa waanzilishi. Kila mara aliyeachwa nje alifanya kile kile alichofanya Wilson hotelini: alimtafuta aliye kama yeye.

Leo AA inasema ipo katika nchi takriban 180. Nairobi na Dar es Salaam mikutano ipo. Zanzibar nako zipo nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita sober house, ambako wengi ni vijana waliokuwa kwenye unga na wanafuata hatua hizo hizo kupitia Narcotics Anonymous, iliyoanzia California mwaka 1953.

Mikutano ni ya aina mbili. Ya ndani ni ya wenye tatizo tu. Ya wazi yeyote anaingia, hata ndugu, hata mwanafunzi mwenye daftari, mradi daftari libaki mfukoni. Mimi nilihudhuria wa wazi, mjini. Sitaji mahali wala siku. Viti vya plastiki, chupa ya chai, saa moja tu. Mtu anasoma utangulizi, halafu mmoja mmoja anasema jina lake la kwanza na kwamba yeye ni mlevi, wote wanamwitikia kwa salamu. Anaongea, hakuna anayemkatiza wala kumshauri. Asiyetaka kuongea anasema anapita, basi. Nilitegemea vilio, nikakuta pia vicheko vingi, vile vya watu wanaocheka kitu kimoja kwa sababu kimewapata wote. Hakuna daftari la mahudhurio. Hakuna aliyeniuliza nasoma wapi.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2020 Cochrane, wale wanaochambua tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 zenye watu 10,565. Kwenye zile zilizofanywa kwa ubora wa juu, waliounganishwa na AA kwa utaratibu maalumu, asilimia 42 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 35 waliopewa tiba nyingine za ushauri. Si uchawi, maana zaidi ya nusu walikuwa bado wanakunywa. Ila kwa kitu cha bure, ni kikubwa. Na asiyependa mambo ya hatua na Mungu ana vyama vingine kama SMART Recovery, iliyoanza 1994. Wengine wanahitaji dawa au mshauri, na hakuna ubaya kuchanganya.

Utafiti ulionigusa zaidi ni mdogo na wa zamani. Mwaka 1981 Wamarekani wawili, Sisson na Mallams, waliwagawa watu 20 wenye tatizo la pombe. Kumi walipewa maelezo mazuri ya mikutano na kuhimizwa waende. Kumi wengine, pale pale mbele ya mshauri, ilipigwa simu kwa mwanachama, akaongea nao, akaahidi kuwapitia. Wa kundi la kwanza hakwenda hata mmoja. Wa kundi la pili walikwenda wote kumi. Watu 20 ni wachache, sijengi nyumba juu yao. Lakini linganisheni na ule ukumbi wa Akron. Wilson hakuhitaji kuambiwa kwamba pombe ni mbaya, alihitaji mtu upande wa pili wa simu.

Kwa hiyo wadau, siku mwenzako akikuuliza aende wapi, usimpe hotuba wala usimtumie anwani ukadhani umemaliza. Siku hizi kuipata si kazi: kuna programu ya simu iitwayo Meeting Guide, kuna tovuti za AA za nchi mbalimbali, na tangu Korona ya 2020 kuna mikutano mingi ya video kwa aliye mbali. Kaeni pamoja mkiangalia. Piga simu akiwa pembeni, mpe aongee mwenyewe. Kama mkutano ni wa wazi, panda naye daladala, nauli ikimshinda mlipie. Kama ni wa ndani, msubiri nje, nunua karanga.

Mshkaji wangu? Tulikwenda wote ule wa wazi. Wa pili alikwenda bila mimi. Yanayofuata ni yake, na nimeshajifunza kutotaja.

Haya, narudi kwenye noti zangu. Jumanne nina test na sijagusa kitu. Alamsiki.